Kifurushi cha Nyumbani

Leseni ya Umma ya GNU, toleo la pili, ilitoka mwaka 1991, na ndiyo inayotawala kerneli ya Linux mpaka leo. Wanaoitaja husifia uhuru wake: kutumia programu upendavyo, kuisoma, kuibadilisha, kumpa mwenzako. Mimi huvutwa na sehemu moja ya kifungu cha tatu ambayo ni nadra kusikia ikisifiwa. Hapo leseni inaeleza msimbo chanzo kamili ni kitu gani, na inasema kwamba si mafaili ya programu peke yake. Ni pamoja na hati zinazoongoza kazi ya kuikompaili programu hiyo na kuisimika kwenye mashine.

Kuna sababu ya maneno yale kuwepo. Mtu anaweza kukukabidhi msimbo wote, kurasa kwa maelfu, na bado akawa hajakupa kitu, kwa sababu hakukuambia zinahitajika zana zipi, kwa mpangilio upi, na kwa vigezo vipi, ili kurasa hizo ziwe programu inayofanya kazi. Fundi mzuri wa nguo huacha kitambaa ndani ya upindo ili suruali iweze kurefushwa kesho. Leseni ile ilikuwa ikidai upindo. Nami naamini, na ndilo ninalotaka kulisema hapa, kwamba haki ya kubadilisha programu huanza kuwa haki siku unapoweza kuijenga kwenye kompyuta yako mwenyewe, hata kama siku hiyo hukubadilisha herufi moja. Kabla ya hapo una ahadi.

Kisa cha Richard Stallman na printa kimesimuliwa mara nyingi, na kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha msimbo uliofichwa. Ukikitazama vizuri ni kisa cha watu waliozoea kujenga na kisha wakazuiwa. Kwenye maabara ya akili mnemba ya MIT, Stallman alikuwa amekwisha kuirekebisha programu ya printa ya zamani ili karatasi ikikwama, wanaosubiri kazi zao wapate ujumbe kwenye skrini. Printa mpya ya Xerox ilipoletwa, karibu na mwaka 1980, ilikuja na programu iliyokwisha kukompailiwa tu. Karatasi ziliendelea kukwama, na watu wenye ujuzi wote wa kulimaliza tatizo waliendelea kuinuka vitini kwenda kuichungulia. Aliyekuwa na msimbo alikuwepo, katika chuo kingine, ila alikuwa amefungwa na mkataba wa siri. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1987 mradi huo ukatoa kompaila yake, GCC. Sioni kwamba ni jambo la bahati kuwa kompaila ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo walivyovihangaikia. Bila kompaila iliyo huru, msimbo huru ungebaki kuwa maandishi ya kusoma.

Leo wengi wetu tunaotumia Linux hatujengi chochote. Tunaandika apt install, tunasubiri kidogo, kazi imekwisha. Sina ugomvi na urahisi huo. Nimeutumia asubuhi hii. Umeletwa na kazi ya watu wengi wa kujitolea tangu Agosti 1993, Ian Murdock alipoanzisha Debian, na kila mwenye Ubuntu, iliyojengwa juu ya Debian, anakula jasho lao hata kama hajawahi kulisikia jina la Debian. Kila kifurushi kinachoshuka kwenye mashine yetu kimejengwa na mtu, mahali fulani, kwa maelekezo yaliyoandikwa. Na maelekezo hayo hayajafichwa. Yako hatua moja nyuma ya kifurushi chenyewe.

Chukua hunspell-sw. Ni kifurushi kidogo kinachoiwezesha LibreOffice kutambua kwamba «wanafunzi» ni neno na «wanafnzi» si neno. Kila anayeandika Kiswahili kwenye kompyuta anaujua ule mstari mwekundu wa mawimbi unaojipenyeza chini ya neno halali kabisa. Si ajabu. Kitenzi chetu kimoja hubeba nafsi, wakati, mtendwa, urejeshi na minyambuliko, na hakuna orodha itakayoyamaliza maumbo yote ya kitenzi kimoja tu kama kufundisha: tusipowafundisha, aliyenifundishia, wangalifundishana. Kwa hiyo kuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo ni yetu sisi wenye lugha.

Ukiwasha mistari ya vyanzo kwenye orodha ya hazina za apt, kisha ukaandika apt source hunspell-sw, kinachoshuka kina jina jingine: libreoffice-dictionaries. Kamusi za lugha nyingi zimefungwa pamoja katika chanzo kimoja, na Kiswahili kimo humo katika folda ya sw_TZ, pamoja na Kiswidi, Kitelugu, Kithai na wenzao. Ingia kwenye folda hiyo. Kuna faili la maandishi matupu, sw_TZ.dic. Mstari wa kwanza ni namba, idadi ya maneno. Kuanzia wa pili, neno moja kila mstari. Kando yake lipo sw_TZ.aff, faili la kanuni za viambishi. Basi. Mwalimu wa Kiswahili asiyejua lugha yoyote ya programu anaweza kulifungua faili la maneno kwa kihariri cha kawaida na kuonyesha kwa kidole mahali lilipo pengo. Nimemwona mwalimu mmoja akifanya hivyo, akiwa amevaa miwani yake ya kusomea, akipandisha na kushusha orodha kwa hamasa ya mtu aliyekuta daftari la mahudhurio ya ukoo wake. Kwake kamusi ya kompyuta ilikuwa ni kitu kinachotoka huko kwa wenyewe. Saa ile ikawa faili.

Lakini kulihariri faili hakutoshi. Ukiongeza neno kwenye nakala ile iliyoshuka, LibreOffice haina habari nalo. Lazima kifurushi kijengwe upya, na hapo ndipo unapokutana na folda nyingine, iitwayo debian, ambayo kwangu ndiyo moyo wa jambo zima. Ndani yake kuna faili la control, linalotaja vifurushi vitakavyozaliwa na vyote ambavyo vifurushi hivyo huvihitaji. Kuna copyright, linaloeleza nani alitunga nini na kwa leseni ipi. Kuna rules, ambalo ni faili la make linaloweza kuwa na mistari mitatu tu siku hizi, kwa kuwa zana za debhelper zimebeba mzigo uliobaki. Na kuna changelog.

Faili la changelog lina masharti magumu kuliko linavyostahili kwa macho ya mgeni. Kila ingizo lazima liishe kwa mstari unaoanza na nafasi moja, kisha vistari viwili, kisha jina la mtu, anwani yake ya barua pepe, nafasi mbili, halafu tarehe na saa pamoja na tofauti ya majira. Nafasi mbili, si moja. Zana za kujenga husoma mstari ule na kuutumia. Matokeo yake ni kwamba kila badiliko linaloingia kwenye kifurushi lina jina la mtu anayelijibia. Unapoandika kwa mara ya kwanza amri ya dch, inayofungua ingizo jipya kwenye changelog, na kuliona jina lako limekaa juu ya majina ya watunzaji waliokutangulia, unaelewa kwamba umevuka kutoka kuwa mpokeaji. Sasa na wewe ni mtu wa kuulizwa.

Halafu apt build-dep inaleta zana zinazotakiwa, dpkg-buildpackage -b inafanya kazi yenyewe, na mafaili ya deb yanatokea kwenye folda ya juu. Kwa neno moja la Kiswahili utakuwa umevijenga vifurushi vya lugha za watu wengine wengi. Unachukua chako, unakisimika, unafungua hati, unaandika neno lako. Mstari mwekundu haupo.

Kamusi ni rahisi kwa kuwa hakuna cha kukompaili. Programu iliyoandikwa kwa C hudai zaidi, na mahali pazuri pa kuonja ni GNU Hello, programu ambayo kazi yake ni kutoa salamu tu, na ambayo imetunzwa kwa miaka mingi makusudi iwe mfano kwa wanaojifunza kufunga vifurushi. Ukiiendesha hati yake ya configure, utaona maswali yakipita kwenye skrini: kompaila ipo? Inafanya kazi? Namba zina upana gani kwenye mashine hii? Mapema kabisa hati hiyo hufanya jaribio dogo. Inaunda faili jipya na kulilinganisha umri na mafaili yaliyokuja na programu. Faili lililoundwa sasa hivi likionekana kuwa la zamani kuliko yale, hati inasimama na kukataa kuendelea.

Jaribio hilo lina maana ya pekee huku kwetu. Kompyuta nyingi mashuleni na maofisini zilikuja zikiwa zimetumika kwingine kwanza, na betri ile ndogo ya duara kwenye ubao mama imekwisha siku nyingi. Ukizima mashine, ikiwaka inarudi miaka mingi nyuma. Mwenye kuandika barua tu haathiriki sana. Anayejenga programu anakwama hapohapo, na hata apt yenyewe hukataa orodha za hazina kwa kuona kwamba bado hazijaanza kuwa halali. Ukitaka kufundisha watoto kujenga programu kwenye maabara ya shule, kagua betri kwanza. Ni za bei nafuu, zinauzwa madukani pamoja na betri za saa.

Saa ina uzito huo kwa sababu ya make. Zana hiyo iliandikwa na Stuart Feldman kwenye maabara za Bell mwaka 1976, na kanuni yake haijabadilika: tazama tarehe za mafaili, kilicho cha zamani kuliko chanzo chake kijengwe upya, kilicho kipya kiachwe. Kutokana na kanuni hiyo, umeme ukikatika katikati ya kazi ya saa tatu, hupotezi saa tatu. Ukirudi, make inaendelea ilipoishia. Ila upo mtego. Faili lililokuwa likiandikwa dakika ile umeme ulipokatika linaweza kubaki kwenye diski likiwa na jina na tarehe, na ndani halina hata baiti moja. make haisomi yaliyomo. Inaona tarehe mpya, inapita. Kosa huja kujitokeza mwishoni kabisa, wakati wa kuunganisha vipande, kwa ujumbe usiogusia habari za umeme. Dawa ni mstari mmoja:

find . -name '*.o' -size 0 -delete

Kisha make tena. Miongozo iliyoandikwa mahali ambako umeme haukatiki haina sababu ya kuutaja mstari huo. Ni maarifa yetu, na yanastahili kuandikwa kwa lugha yetu na watu wanaoyahitaji.

Gharama nyingine ni bando na muda. Msimbo chanzo wenyewe mara nyingi si mzigo mkubwa. Mzigo ni zana na maktaba za kujengea. Na ziko programu ambazo sitamshauri mtu wa kawaida azijaribu nyumbani: kivinjari cha Chromium hudai makumi ya gigabaiti za diski na saa nyingi za mashine yenye nguvu. Kerneli ya Linux, kinyume na sifa yake ya kutisha, inawezekana. Amri ya make localmodconfig hutazama vipande ambavyo mashine yako inavitumia sasa na kuacha vingine vyote, kazi inapungua mno, na make bindeb-pkg hukupa kerneli yako ikiwa imefungwa kama kifurushi cha Debian, tayari kusimikwa na kuondolewa kwa njia ya kawaida. Kwenye maabara au ofisi, mashine moja ikiwekwa apt-cacher-ng, kila kitu hushushwa mara moja tu na zinazobaki zinachota kwenye mtandao wa ndani. Mwenye kumbukumbu ndogo asiiruhusu make kuendesha kazi nyingi kwa pamoja. Afadhali kazi ichelewe kuliko mashine igande.

Sasa, yapo mashaka ya kweli, na nisiyapite haraka. Mtu anaweza kuniuliza: watunzaji wa Debian ni mabingwa, wewe nani uguse kazi yao? Jibu langu ni kwamba hata mabingwa huteleza, na kiraka cha nyumbani ni kitu cha kuogopwa kwa kiasi chake. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL ndani ya Debian aliondoa mstari uliokuwa ukilalamikiwa na zana ya kukagua kumbukumbu. Mstari ule ndio uliokuwa ukiingiza ubahatishaji kwenye utengenezaji wa funguo. Kilichobaki kikawa ni namba ya mchakato tu, yaani uwezekano 32,768 kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo. Kwa karibu miaka miwili seva zilizokuwa zikitegemea Debian na nduguze zilitengeneza funguo ambazo mvamizi angeweza kuzihesabu zote, mpaka Luciano Bello alipoligundua tatizo na tangazo likatolewa Mei 2008. Anayeondoa mstari asiouelewa kwa sababu tu unapiga kelele anafanya jambo zito. Hilo halinifanyi niseme watu wasijenge. Linanifanya niseme kwamba kiraka kinapaswa kusomwa na zaidi ya jozi moja ya macho, nyumbani kama kwa mabingwa.

Shaka la pili ni zito zaidi, nalo lilidhihirika Machi 2024. Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya hifadhidata kwenye Debian isiyo imara akaona kwamba kuingia kwa ssh kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alifuatilia. Tarehe 29 Machi alitangaza alichokikuta: ndani ya xz, zana ya kubana mafaili inayotumiwa karibu kila mahali kwenye Linux, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa na mlango wa nyuma. Aliyeuweka alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujijengea imani ya mtunzaji mmoja aliyechoka, kwa jina ambalo hakuna ajuaye ni la nani.

Yeyote anayejenga vifurushi anapaswa kuisoma kwa makini namna mlango ule ulivyofichwa. Msimbo kwenye hifadhi ya git haukuwa na kila kitu. Faili moja muhimu la hati za kujengea lilikuwemo tu ndani ya furushi lililotolewa rasmi, na sehemu iliyobaki ilikuwa imejificha ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio. Tena hati ile ya hila ilikuwa ikijiuliza kwanza iko wapi: je, lipo faili la debian/rules? Au je, hapa panajengwa kifurushi cha RPM, aina nyingine ya vifurushi vya Linux? Kama si mojawapo, ilitulia. Mtu aliyechukua furushi lilelile na kulijenga kwa mkono, configure kisha make, hakuambukizwa. Adui alijua mahali hasa imani ya mamilioni inapokutana, akaelekeza mshale wake kwenye folda ile ile niliyotoka kuisifu.

Kwa hiyo si kweli kwamba ukijenga mwenyewe uko salama. Ken Thompson alikwisha kulisema hili kwa namna inayosumbua zaidi, katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Turing, iliyochapishwa Agosti 1984. Alionyesha jinsi kompaila inavyoweza kufundishwa kuingiza mlango wa nyuma kwenye programu ya kuingilia mfumo, na pia kujiingizia hila hiyo yenyewe kila inapokompailiwa upya, kisha alama zote zikafutwa kwenye msimbo. Unasoma kila mstari, ni safi. Unajenga kila kitu mwenyewe, na hila imo, kwa sababu kompaila uliyoanzia nayo uliipokea kutoka kwa mtu.

Wapo waliolichukua onyo hilo kama kazi ya kufanywa. Watu wa Guix walitangaza mwaka 2023 kwamba mfumo wao unaweza kujengwa kuanzia mbegu ya baiti 357. Programu ndogo kiasi hicho mtu anaweza kuikagua baiti kwa baiti kwa macho yake. Inajenga nyingine kubwa kidogo, nayo inajenga nyingine, ngazi kwa ngazi, hadi kufika GCC na kila kilicho juu yake. Chini bado kuna kerneli inayoendesha kazi hiyo, na chini ya kerneli kuna mashine, hawadai wamemaliza. Lakini nafasi ya hila kujificha imepunguzwa kwa kiasi ambacho mwaka 1984 kingeonekana ni ndoto.

Na wapo walioshika njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayompa mjenzi wa nyumbani thamani yake. Ndani ya Debian, kuanzia mwaka 2013, kulianza juhudi za kufanya ujenzi urudike: msimbo uleule, zana zilezile, basi kifurushi kiwe kilekile hadi baiti ya mwisho, awe amekijenga nani na popote. Inaonekana kama jambo ambalo lingepaswa kuwa hivyo siku zote. Halikuwa hivyo. Programu zilikuwa zikijiandikia ndani yake saa zilipojengwa, jina la mashine, njia ya folda, mpangilio wa mafaili jinsi diski ilivyoyatoa. Kila kimoja kiliwindwa na kurekebishwa. Kwa saa pekee wakakubaliana kigezo kimoja, SOURCE_DATE_EPOCH, kinachoiambia zana itumie tarehe ya ingizo la mwisho la changelog badala ya saa ya ukutani. Mstari ule wenye nafasi mbili umepata kazi nyingine.

Tazama kinachofuata. Kama kifurushi kinarudika, basi mtu wa Mwanza akikijenga kwenye kompyuta yake na kupata kifurushi kilekile kilichopatikana kwenye seva za Debian, amekuwa shahidi. Akipata tofauti, amepata jambo la kuuliza. Hahitaji cheo wala mwaliko. Anahitaji msimbo, zana, na matokeo anayoweza kuyatangaza. Ujenzi wa mtu mmoja hauondoi hofu ya Thompson; ujenzi wa watu wengi wasiofahamiana, wanaolinganisha matokeo, unaifanya hila iwe ngumu mno kuendelea kujificha. Nasikitika kwamba mashahidi wengi wako upande mmoja wa dunia. Hakuna sababu ya kiufundi ya kuwa hivyo.

Sisi si wageni kabisa katika kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowaunganisha watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili. Watu wanakumbuka istilahi, na mijadala ya istilahi ilikuwa mizuri. Mimi nakumbuka kwamba tafsiri zilizokaa kwenye mafaili hazimfikii mtu. Ili karani wa wilaya aone menyu kwa lugha yake, programu nzima, mojawapo ya kubwa zaidi katika ulimwengu wa programu huria wakati ule, ilibidi ijengwe ikiwa na maneno yale ndani yake. Leseni ilikwisha kutoa ruhusa. Uwezo wa kujenga ndio ulioitimiza.

Kazi hiyo ina madai yake baada ya siku ya furaha. Ukishasimika kifurushi cha nyumbani, umekuwa mtunzaji, na toleo la usalama likitoka ni juu yako. Hata jina la toleo linataka fikra. Mtu akiambatisha +nyumbani1 mwishoni mwa namba ya toleo la Debian imara, atakuwa amejifungia mlango. Debian huyapa marekebisho yake ya matoleo imara alama kama +deb12u1, dpkg hulinganisha herufi kwa mpangilio wa alfabeti, n iko baada ya d, kwa hiyo kifurushi cha nyumbani kitahesabiwa kuwa kipya kuliko marekebisho, na apt haitayaleta. Akiandika +binafsi1, b inatangulia d, na marekebisho yatapita. Herufi moja inaamua kama mashine itapata tiba au la. Mambo haya yanafaa kufundishwa kwenye vyuo vyetu siku ileile inapofundishwa amri ya make, kwa sababu anayejua kujenga bila kujua kutunza atawaachia wenzake mzigo.

Mimi vifurushi vyangu huviita +binafsi1, na sipendi vikae muda mrefu. Orodha ya maneno niliyoongeza kwenye sw_TZ.dic, baada ya kusomwa na mwalimu yule na mwenzake, inakwenda juu, kwa mradi wa LibreOffice, kama kiraka chenye jina na maelezo. Ikikubaliwa, itashuka Debian katika toleo lijalo, na kutoka Debian itaingia Ubuntu. Namba ya toleo hilo itakizidi kifurushi changu na apt itakibadilisha katika mzunguko wa kawaida wa masasisho, pamoja na vifurushi vingine. Nitakuwa nimepumzika kujenga upya kwa ajili ya maneno hayo, na orodha inayofuata, ya istilahi za kilimo na uvuvi, iko nusu.